Urithi wa Chris Cornell: uzi uliolegezwa, mapigo saba na kanda za mwisho

Tangu Chris Cornell, mwimbaji wa bendi ya roki ya Soundgarden ya Seattle, Marekani, afariki dunia mjini Detroit tarehe 18 Mei 2017, mashabiki wake hawajaacha kuvutana juu ya alichowaachia. Wapo wanaosema ni sauti, basi. Wapiga gitaa wanabisha na kutaja namna Soundgarden ilivyofunga nyuzi zake na kuhesabu mapigo yake. Wengine wakisema urithi wana maana ya mahakamani: nani anamiliki rekodi, nani ana haki ya kuzitoa. Mambo haya matatu yanachanganywa mno, na anayeyachanganya hataelewa kwa nini wimbo ulio mwepesi masikioni unamshinda mikononi, wala kwa nini rekodi za mwisho za bendi zilikaa miaka bila kusikika. Tuyatenganishe, na tukae zaidi kwenye gitaa, maana huko ndiko wengi wanakokwama.

Historia yenyewe ni fupi kusimulia. Cornell alizaliwa Seattle tarehe 20 Julai 1964. Mwaka 1984 alianzisha Soundgarden na Kim Thayil kwenye gitaa na Hiro Yamamoto kwenye besi. Mwanzoni yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akipiga dramu huku anaimba. Matt Cameron alishika dramu mwaka 1986, na Ben Shepherd akashika besi mwaka 1990. Albamu ya Badmotorfinger ilitoka 1991. Superunknown ya 1994 iliingia chati za Marekani moja kwa moja kwenye nafasi ya kwanza, na mwaka uliofuata ikaleta tuzo mbili za Grammy. Bendi ilivunjika 1997. Kisha ikaja Audioslave, Cornell akiwa na wanamuziki watatu wa bendi ya Rage Against the Machine: albamu tatu kati ya 2002 na 2006, na onyesho la wazi mjini Havana mwaka 2005. Soundgarden ilirudi jukwaani 2010 na haikuvunjika tena hadi kifo chake.

Nyuzi

Gitaa la kawaida hufungwa E, A, D, G, B, E (herufi hizi ni majina ya sauti za muziki), kuanzia uzi mnene wa sita hadi mwembamba wa kwanza. Sehemu kubwa ya nyimbo za Soundgarden haikai humo. Thayil ameeleza mara kadhaa kwamba Buzz Osborne wa bendi ya Melvins ndiye aliyemfungua macho kuhusu kushusha uzi wa sita kutoka E hadi D, kwa mfano wa bendi ya Black Sabbath. Faida yake inaonekana mara moja: kidole kimoja kikilala juu ya nyuzi tatu nene katika freti ileile, vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, chodi nzito (sauti kadhaa zinazolia pamoja) imeshapatikana, na mkono unaweza kukimbia bila kubadili umbo. “Outshined”, “Spoonman” na “Black Hole Sun” zote zimefungwa hivyo.

Kufunga hivyo hakuhitaji mashine. Piga uzi wa nne ukiwa wazi, ambao ni D, kisha piga wa sita pamoja nao na anza kuulegeza. Utasikia sauti hizo mbili zikigongana na kuyumba kwa kasi. Kadiri unavyokaribia, myumbo unapungua, na ukifika unatulia kabisa. Pita kidogo chini ya D halafu panda kuifuata. Ukisimama wakati bado unashuka, uzi hubaki umenasa kwenye nati, kile kipande chenye mifereji karibu na funguo, na baada ya kupiga chodi mbili tatu uzi utaachia na gitaa litakuwa limeshatoka kwenye sauti yake. Hili ndilo kosa linalowafanya wengi walaumu gitaa la bei nafuu wakati tatizo ni namna walivyofunga.

“Rusty Cage” ni habari nyingine. Humo uzi wa sita unashuka hadi B, yaani nusu-toni tano (nusu-toni moja ni hatua ya freti moja), na nyuzi nyingine tano zinabaki zilivyo. Mkazo wa uzi unafuata mraba wa masafa ya sauti yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa hiyo ukishuka nusu-toni tano mkazo unaobaki ni kama asilimia 56 tu. Kwa kulinganisha, kushuka hadi D kunakuachia kama asilimia 79. Uzi wa kawaida wenye unene wa inchi 0.046 ukishushwa hadi B unalegea kiasi kwamba ukiupiga kwa nguvu sauti inaruka juu kwanza ndipo inashuka mahali pake, na unagonga freti njia nzima. Ukitaka mkazo uleule uliouzoea, zidisha unene kwa 1.335: unapata inchi 0.061. Kwa vitendo nunua uzi wa 0.060 peke yake na uache nyingine tano za seti yako ya kawaida.

Ukishauweka uzi huo, mambo matatu yanaweza kuharibika. Mfereji wa nati uliochongwa kwa uzi wa 0.046 hautaupokea wa 0.060, utakaa juu juu, na sauti ya freti ya kwanza itatoka kali kuliko inavyotakiwa. Mfereji upanuliwe kwa tupa nyembamba ya duara, kidogo kidogo, bila kuongeza kina. Pili, sauti ya freti ya 12 haitalingana na sauti ya kengele inayopatikana kwa kuugusa uzi hapohapo bila kuubana. Ikiwa iliyobanwa iko juu, rudisha nyuma kidogo kiti cha uzi huo kwenye daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya mwili wa gitaa, funga upya, pima tena. Tatu, gitaa lenye daraja linaloelea kwa springi halifai kwa mchezo huu: ukilegeza uzi mmoja, springi zinalivuta daraja na nyuzi nyingine tano zote zinapanda. Tumia gitaa lenye daraja lisilotembea, kama lilivyo Guild S-100 ambalo Thayil amelifanya alama yake. Mngurumo wa ajabu unaofungua wimbo huo unatokana na pedali ya wah, kifaa cha kukanyaga kinachobadilisha rangi ya sauti ya gitaa, iliyotumika kama kichujio, imeachwa upande wa sauti nzito badala ya kuchezeshwa na mguu.

Mafungo mengine ni ya ajabu zaidi, na hapa ndipo mkono wa Cornell kama mtunzi unapoonekana kuliko popote. “Burden in My Hand” iko C, G, C, G, G, E. Ukianza na gitaa la kawaida: uzi wa sita shusha nusu-toni nne, wa tano mbili, wa nne mbili, wa tatu usiuguse, wa pili shusha nne, wa kwanza usiuguse. Nyuzi za tatu na pili sasa ni sauti moja, na zikipigwa pamoja zinatoa ule mng'ao unaofanya gitaa moja lisikike kama mawili. Fuata mpangilio huo kutoka uzi mnene kwenda mwembamba, halafu urudie mzunguko mzima mara ya pili, kwa sababu kulegeza nyuzi nne kunabadilisha mvuto wa shingo na zile ulizofunga kwanza zitakuwa zimepanda.

“My Wave” na “The Day I Tried to Live” ziko E, E, B, B, B, B. Hapa kuwa mwangalifu na uzi wa tatu. Kutoka G kwenda B ya juu ni kupanda nusu-toni nne, na mkazo unaongezeka kwa karibu asilimia 59. Uzi wa kawaida wa 0.017 unaweza kukatika na kukuchapa usoni. Kwenda B ya chini ni kushuka nusu-toni nane, na hapo unageuka kamba tu. Njia salama ni kubadilisha uzi wenyewe: ukitaka B ya juu, weka wa 0.013 au 0.014 mahali pa 0.017. Tenga gitaa moja kwa mafungo ya aina hii kama unaweza. Kufunga na kufungua gitaa lilelile mara kumi kwa jioni moja kunachosha nyuzi, na zitaanza kukatikia kwenye funguo.

Halafu kuna “Mind Riot”, ambamo nyuzi zote sita ni E. Wazo lilianza kama utani katika mazungumzo na Jeff Ament wa Pearl Jam kuhusu mafungo ya kichaa, na Cornell akaenda nyumbani kuutunga wimbo kweli. Anayetaka kuelewa akili yake ya utunzi aanzie hapo. Cornell alibadilisha gitaa kwanza, ili vidole vyake mwenyewe visijue pa kwenda, kisha akasikiliza kilichotoka.

Mapigo

Soundgarden hawakukaa chini kuamua kwamba wimbo fulani uwe wa mapigo saba kwa kila mzunguko, badala ya manne yaliyozoeleka. Thayil amesema mara nyingi kwamba walikuwa wakitunga kwanza na kugundua hesabu baadaye. Ndiyo maana nyimbo zao za hesabu isiyo ya kawaida hazisikiki kama somo la hisabati. Unatikisa kichwa na wala hujui kwamba kuna kitu kimepungua.

Chukua “Outshined”. Ubeti uko katika saba. Hesabu moja-mbili-tatu-nne, halafu moja-mbili-tatu, bila kupumzika katikati. Kosa la kila bendi ya mtaani ni kuongeza pigo la nane, kwa sababu mwili umezoea nne na unataka kukamilisha. Mpiga dramu ndiye anayeweza kuokoa jahazi, lakini naye ana mtego wake: akizoea kupiga snea, ile dramu yenye mlio mkali, kwenye pigo la pili na la nne bila kukatisha, basi mzunguko wa pili wa saba utamkuta snea ikiangukia mapigo ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba. Inarudi mahali pake baada ya mapigo 14. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza yawe ya makofi tu, bila vyombo, mizunguko miwili miwili, mpaka wote wafike kwenye 14 pamoja. “Spoonman” nayo ina kipande kikuu cha saba, na kiitikio chake kinarudi kwenye nne, kwa hiyo mahali pa hatari ni pale pa kuvuka. “Fell on Black Days” ni sita, nayo ni rahisi zaidi kwa anayeanza kwa kuwa sita inagawanyika vizuri.

Sauti

Inasemwa kwamba upana wa sauti yake ulikaribia oktavu nne, oktavu moja ikiwa nusu-toni 12. Hilo ndilo mashabiki wanaloshika, lakini kwa maoni yangu upana si jambo kuu. Waimbaji wenye upana mkubwa wapo wengi. Jambo kuu ni kwamba Cornell alipopanda hakubadilisha rangi ya sauti: uzito wa kifuani ulibaki hadi juu, mahali ambapo wengi wanavunjika na kuhamia sauti nyepesi ya kichwani. Sikiliza “Beyond the Wheel” ya mwaka 1988, anavyoanza chini kabisa kama anayesoma dua na kupanda ngazi kwa ngazi hadi kwenye ukelele.

Anayejaribu kumuiga kwa kusukuma pumzi zaidi anaumia. Mkwaruzo wake haufai kutoka kwenye nyuzi za sauti zenyewe. Unatengenezwa na mikunjo iliyo juu yake, huku nyuzi zikiendelea kutetemeka kwa usafi. Njia ya kujifunza ni hii. Dakika kumi za mwanzo vuma midomo ikiwa imefungwa, kisha tetemesha midomo ukipanda nusu-toni moja moja. Chukua mstari mmoja wa wimbo, uimbe kwa irabu tu, “o” au “a”, kwa sauti ya chini kuliko ya mazungumzo. Kadiri unavyopanda, punguza uwazi wa irabu. “A” iliyofunguka sana juu ndiyo inayokwaruza koo. Maneno yafuate baadaye, na mkwaruzo uwe wa mwisho, sekunde chache chache. Ukisikia muwasho au haja ya kukohoa, simama siku hiyo. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usisubiri ijirudie yenyewe.

Na hakuna sheria inayosema lazima uimbe katika ufunguo wake, yaani kimo cha sauti alichoimbia yeye. Shusha gitaa zima toni moja, yaani nusu-toni mbili: fungo la D, A, D, G, B, E linakuwa C, G, C, F, A, D, vidole vinabaki palepale, na wewe umepata nafuu kubwa.

Hata Cornell alikuwa na mipaka yake, na kisa cha “Hunger Strike” kinaonyesha hivyo vizuri. Ilikuwa mwaka 1990, katika mazoezi ya Temple of the Dog, kundi lililoundwa kumkumbuka rafiki yake Andrew Wood aliyefariki Machi mwaka huo. Cornell alikuwa na ubeti mmoja tu, na sehemu ya chini ilikuwa inamsumbua. Eddie Vedder, kijana aliyekuwa ametoka San Diego kujaribiwa na bendi iliyokuja kuwa Pearl Jam, alisogea kwenye kipaza sauti na kuiimba sehemu ile ya chini. Wimbo ukapata umbo lake papo hapo: ubeti uleule mara mbili, kwanza sauti ya chini, kisha ya juu. Ndiyo maana mtu mmoja akiuimba peke yake jukwaani huwa unapwaya, hata awe hodari namna gani. Tafuta mwenzako.

Kuhusu albamu ya Scream ya 2009, aliyoitengeneza na Timbaland, mtayarishaji wa muziki wa hip-hop, kwa midundo ya mashine, mashabiki wa roki waliikataa vibaya. Utunzi wake ni mzuri kuliko sifa yake, lakini mashine imeziba kile kilichomfanya Cornell awe Cornell.

Kifo, na yanayosemwa

Ofisi ya uchunguzi wa vifo ya kaunti ya Wayne, ilimo Detroit, iliamua kwamba Cornell alijiua. Katika damu zilikutwa dawa kadhaa, ikiwemo lorazepam ya kutuliza wasiwasi, na ripoti ikasema hazikuchangia sababu ya kifo. Familia yake imeshikilia kwamba dawa hiyo ndiyo iliyomvuruga akili usiku ule. Kesi waliyomfungulia daktari wake ilimalizika kwa makubaliano mwaka 2021. Kauli hizi mbili si lazima zipingane: ripoti inazungumzia kilichousimamisha mwili, familia inazungumzia kilichoisumbua akili. Uvumi wa kwamba aliuawa hauna msingi katika uchunguzi wa polisi, na kuusambaza ni kuwaongezea watoto wake watatu mzigo. Kwa yeyote mwenye historia ya uraibu anayetumia dawa za kundi hilo: daktari wako aijue historia hiyo yote, na usiziache ghafla bila usimamizi wake, kwa sababu kuziacha ghafla nako kuna hatari.

Kanda

Wimbo mmoja una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi, yaani maneno na sauti ya wimbo. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, kile kilichonaswa studioni. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza bila ya pili. Mzozo wa Soundgarden ulikaa hasa hapo. Cornell aliacha rekodi saba za sauti yake alizofanya nyumbani. Desemba 2019 mjane wake, Vicky Cornell, aliwashtaki wanabendi waliobaki akidai kwamba rekodi hizo ni mali ya mirathi peke yake na kwamba fedha za mrabaha zimezuiwa. Wanabendi walijibu kwamba ni kazi ya pamoja iliyokuwa ikiandaliwa kwa albamu mpya. Kesi ilianzia Florida, ikahamishiwa jimbo la Washington.

Mwaka 2021 likazuka la thamani. Kwa mujibu wa madai ya Vicky, bendi ilitaka kununua fungu la mirathi kwa dola chini ya 300,000, naye akatoa ofa ya kununua mafungu yao kwa milioni 12, kisha 21. Tofauti kubwa namna hiyo inatokana na swali la nini kinahesabiwa: mapato ya sasa pekee, au pia ambayo katalogi, yaani nyimbo zote za bendi, itaingiza kwa miongo ijayo. Shabiki anayesikia mirathi fulani ya mwanamuziki imethaminiwa kiasi fulani aulize swali hilo kwanza.

Tarehe 17 Aprili 2023 pande zote zilitangaza kwamba zimepatana, na kwamba mashabiki watazisikia nyimbo za mwisho. Lakini kupatana ni hatua ya kwanza tu. Rekodi ya nyumbani ya sauti na gitaa inahitaji dramu, besi na gitaa la pili kupigwa juu ya kitu ambacho mwenye sauti hawezi kukirudia, na kama hakuwa ameimba kwa kufuata kipima mapigo, mpiga dramu ndiye anayepaswa kumfuata kila anapoharakisha au kuchelewa. Kwa Matt Cameron, aliyempigia tangu 1986, hilo linawezekana. Novemba 2025 Soundgarden iliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, Cornell akiwa miongoni mwa wanabendi.

Wapi pa kuanzia

Anayetaka kuzipiga nyimbo hizi bila bendi na bila pedali asikilize Songbook ya 2011, maonyesho ya Cornell na gitaa lake. Humo utasikia ni nini kinaweza kuondolewa na wimbo ukasimama. Johnny Cash, mwimbaji mkongwe wa muziki wa country, aliirekodi “Rusty Cage” mwaka 1996 kwa mtindo wake, bila ule uzi uliolegea wala sauti ya kupaa, na wimbo ukakaa sawasawa kwenye koo la mzee. Mwimbaji Brandi Carlile alirekodi “Black Hole Sun” pamoja na Thayil, Cameron na Shepherd wenyewe, ikatoka 2020; sikiliza anavyozipa irabu za kiitikio nafasi badala ya kuzisukuma. Ukiupiga wimbo huo kwa gitaa la kawaida lisilo na umeme, shusha uzi wa sita hadi D kama ilivyoelezwa juu, piga beti kwa vidole nyuzi moja moja, na ushike plekta, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, kwenye kiitikio tu. Ukianza na plekta toka mwanzo, kiitikio hakitakuwa na pa kupanda.